Siku Niliyokuwa Mjomba

Nakumbuka siku moja nilikuwa mjomba wa watu. Nilianza ujomba mwendo wa saa tano asubuhi, na kufikia saa tisa nilikuwa nimeuacha, nimesimama kofia mkononi mbele ya ukoo mzima na ng'ombe sita. Mwanangu, sogeza kiti. Cheka ukitaka, lakini usicheke kabla hatujafika pa kuchekea.

Leo mnaniita Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Wakati huo nilikuwa Nekesa, msichana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa nguo mjini Kitale, katika duka la Bi Rukia mtaa wa nyuma ya msikiti. Bi Rukia alikuwa mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Alinifunza kazi, na akanifunza pia kunyamaza wateja wanapobana matumbo ili wapimwe viuno vidogo. Mama yangu aliuza sukuma wiki kando ya njia ya kwenda Kipsongo. Baba alikuwa amefariki, akatuachia koti refu la kahawia la baridi ya Kitale, koti la kutosha watu wawili. Likumbuke koti hilo.

Nilikuwa nampenda kijana anayeitwa Simiyu. Alifanya kazi ya kupima magunia katika ghala la mahindi pale Moi's Bridge, na kila Jumamosi alikuja Kitale kwa baiskeli, vumbi la mahindi limeganda kwenye nyusi. Mimi nilijifanya sijui kwamba ni Jumamosi, ila rinda langu lilijua. Baba yake, Mzee Barasa, alikuwa mkulima huko huko Moi's Bridge. Kaka mkubwa wa Simiyu alifanya kazi Mombasa, miaka minne hajaonekana nyumbani, na kwa kuwa sikuwahi kumwona, sikumweka akilini kabisa.

Wiki moja Simiyu alikuja siku ya Alhamisi. Alisimama mlangoni mwa duka akichezea kengele ya baiskeli.

"Nekesa, Jumatatu naenda Bumula, kule upande wa Bungoma. Kuna shughuli ya nyumbani. Nikirudi nina neno nataka kukwambia."

"Safari njema," nikasema, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Alisubiri nimuulize ni shughuli gani. Niliona anasubiri. Hata mguu wangu uliona, maana ulipunguza kasi. Lakini sikuuliza. Nilikuwa na kile kiburi cha msichana anayeamini kwamba mtu akipendwa haulizi, anaambiwa. Akagonga kengele mara moja, akaenda.

Kabla ya jua kutua wanawake wa sokoni walikuwa wameniletea yale ambayo sikuyauliza. Ati kijana wa Barasa anaoa Bumula. Ati ng'ombe sita wanapelekwa Jumatano. Ati msichana amesoma, anaitwa Nafula, na ni mweupe kama ugali wa sherehe. Nilishona mkono wa blauzi ya watu ukatokea mgongoni.

Bi Rukia alinitazama juu ya miwani yake. "Muulize," akasema.

"Nitamuulizaje, Bi Rukia? Ataona namng'ang'ania."

"Usipomuuliza utabaki hujui. Kipi kizito?"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, mwanangu. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu. Lakini kuijua methali ni kitu kimoja, na kuikumbuka siku moyo unapowaka moto ni kitu kingine.

Siku ya Jumanne Mzee Barasa mwenyewe alikuja kuchukua suruali aliyoileta kupunguzwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Hakunijua. Kwake yeye mimi nilikuwa utepe wa kupimia uliovaa gauni. Akawa anamlalamikia Bi Rukia kwamba mchungaji wake ameshikwa na malaria, na ng'ombe wa mahari wanaondoka kesho alfajiri kwa lori.

"Simiyu ametangulia jana," akasema. "Mimi na wazee wawili tutakaa mbele na dereva. Nani atasimama nyuma na ng'ombe? Nikipata kijana yeyote pale njia panda asubuhi, namchukua."

Nilikunja suruali ile taratibu sana. Mwanamke hangeweza kupanda lori la mahari. Hiyo ni safari ya wanaume. Lakini kijana yeyote, mzee alisema, na mimi nilikuwa na koti.

Usifikiri nilikuwa na mpango mkubwa. Sikutaka kuharibu harusi. Nilitaka kumwona Simiyu kwa macho yangu akioa mwingine, ili nipate kumchukia vizuri. Kumchukia mtu kwa kusikia tu ni kazi ngumu. Kila ukifumba macho unamwona na vumbi lake kwenye nyusi. Basi nikamwambia mama naenda kumsaidia shangazi kuvuna. Nikajifunga kifua kwa kitambaa cha bitana, nikavaa suruali ya marehemu baba, buti za mpira, koti, na kofia ya sufu nikaivuta hadi kwenye nyusi. Nywele zangu zilikuwa fupi siku hizo. Alfajiri nikasimama njia panda, mikono mfukoni, kama nilivyoona vijana wakisimama.

"Unaitwa nani?" Mzee Barasa akauliza kutoka dirishani.

"Juma," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Unajua ng'ombe?"

"Najua."

Mwanangu, nilikuwa mtoto wa mjini. Ng'ombe nilimjua kwenye sufuria na kwenye pakiti ya maziwa. Kutoka Kitale hadi Bumula nilisimama katikati ya wanyama sita ambao kila mmoja alikuwa mkubwa kuliko kitanda chetu, wakinikanyaga na kunipumulia, na mmoja mweupe akala mfuko wa kulia wa koti la baba, kidogo kidogo, kwa utulivu, kama mzee anayetafuna muwa. Tulipopita Webuye alikuwa amemaliza mfuko na kuanza kola.

Tulipokelewa kwa nyimbo. Wanawake wa Bumula walitoka na majani ya migomba wakiimba kwamba wageni wameleta mbuzi wakadhani ni ng'ombe, na kwamba mzee wa Moi's Bridge ana tumbo la kumaliza ghala. Mzee Barasa alifurahi sana. Kutukanwa vizuri siku ya mahari ni heshima. Tuliketishwa kwenye viti upande wa kushoto wa uwanja, wenyeji wakakaa upande wa kulia, ng'ombe wakafungwa katikati. Nikamtafuta Simiyu kwa jicho la pembeni. Nikamwona. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anabeba viti, anacheka na kila mtu, anawasalimia mama za watu kama mtu wa nyumbani tayari.

Baba wa msichana alikuwa Mzee Wanyama, mtu mwembamba, mwenye subira. Kabla ya jambo lolote alisema kwa desturi ya nyumba ile kila mgeni aseme jina na ukoo wake, wasije wakalisha mtu wasiyemjua. Mzee Barasa akasema wake. Wazee wake wakasema. Kisha macho yote yakaja kwangu.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ukoo wangu wa kweli singeutaja, maana Simiyu angeshtuka. Nikakumbuka jirani yetu mmoja muuza makaa pale Kitale, ambaye akilewa alikuwa akijisifu njia nzima kwamba yeye ni wa ukoo wa Babuya.

"Mimi ni Juma," nikasema. "Wa Babuya."

Mzee Wanyama akainuka polepole kwenye kiti chake.

"Wa Babuya?" akasema. "Mama ya Nafula ni wa Babuya."

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi niliyelelewa mjini sikujua kwamba kwa watu wale, mwanamume yeyote wa ukoo wa mama ni ndugu wa mama, na ndugu wa mama ni mjomba, awe na mvi au awe na ubwabwa wa shingo. Wala sikujua kwamba mahari katika nyumba ile haikupokewa bila mjomba. Mjomba huwatazama ng'ombe, kisha husimama na kusema msichana aende au asiende, na neno lake halipingwi. Mjomba wa kweli wa Nafula aliishi kilima cha pili kutoka pale, lakini alikuwa amekosana na Mzee Wanyama kwa sababu ya mpaka wa shamba. Aliitwa mara tatu akakataa mara tatu. Asubuhi ile wenyeji walikuwa wameamka na hofu kwamba ng'ombe watarudi walikotoka. Halafu mjomba akashuka kutoka kwenye lori.

"Mungu hakawii," akasema mama ya Nafula, akaja akanishika mikono yote miwili. "Ndugu yangu, karibu kwako."

"Huyo ni mchungaji wangu, bana," Mzee Barasa akasema.

"Mchungaji wako ni mjomba wetu," Mzee Wanyama akajibu. "Toka huko, Khocha, uje ukae kwa watu wako."

Khocha ndilo neno letu la mjomba. Nikavushwa uwanja, nikawekwa kwenye kiti chenye mto katikati ya wazee wa upande wa pili. Nilipopita mbele ya Mzee Barasa alinikonyeza jicho. Alidhani amepata mtu wake ndani ya baraza la wenyeji, na kwamba mambo yatakuwa laini kama siagi.

Mwanangu, sijawahi kuheshimiwa vile kabla wala baada. Nililetewa maji ya kunawa na watu waliopiga magoti. Nililetewa kuku mzima, na juu yake, peke yake kwenye kisahani, firigisi. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke aliipika, aliigeuza, aliinusa, akaipeleka. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nikijiuliza ina utamu gani huo unaofichwa. Nikaitafuna yote, wazee wakinitazama kwa heshima. Nikwambie ukweli: ni ngumu kidogo, na inataka chumvi. Kelele nyingi kwa kitu kidogo.

Kisha kikaja chungu cha busaa, pombe ya nafaka, na mirija mirefu, nikapewa mmoja. Nikavuta kama ninavyovuta soda. Mzee wa kando yangu akanipiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi, akasema vijana wa siku hizi vifua vyao ni vya karatasi. Mama mmoja akaniletea mtoto wake mdogo ili mjomba ambariki. Nikamchukua huku nikijibu salamu za mzee mmoja, nikamnong'onezea neno, nikamrudisha. Sikujua kwamba pale jikoni, kwenye kivuli cha mlango, palikuwa na ajuza mmoja aliyekuwa ameacha kupepeta mtama ili anitazame.

Halafu Simiyu akaja kunisalimia. Nilishusha kofia na kujifanya nakohoa. Aliinama, akanipa mikono miwili.

"Mulembe, Khocha. Tafadhali utusaidie hapo. Msichana huyu akikosa kuja kwetu, sijui kama kuna mtu atalala tena nyumbani."

Uso wake ulikuwa unang'aa. Sijui, mwanangu, kama umewahi kuombwa na mtu unayempenda umsaidie kuoa mwingine. Busaa ilinipanda hadi masikioni. Na hapo hapo Mzee Wanyama akagonga fimbo chini, akasema wakati wa mjomba umefika.

Nikasimama. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa naelekea kujikwaa ulimi mzima.

"Yule mweupe," nikasema, "anakula nguo."

Watu wakacheka. Wakadhani mjomba ni mchangamfu. Nikainua upande wa koti kuonyesha mfuko uliobaki nyuzi tupu, wakacheka zaidi.

"Yule mwenye baka ni kiziwi. Nimemwambia asogee tangu Kimilili, hasikii. Yule mwekundu ana madharau. Na hao watatu wanajificha nyuma ya wengine, hata sura zao sijaziona vizuri."

"Juma," Mzee Barasa akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya ng'ambo ya mto, ilikuwa ya karibu sana. "Si ni wewe umekuja nao?"

"Nimekuja nao, ndiyo maana nawajua," nikasema. "Na neno langu kama mjomba ni hili. Msichana haendi."

Mzee Wanyama aliketi kama mtu aliyekatwa magoti. Simiyu akawa ameshika kiti hewani, hakukiweka chini wala hakukiinua. Na ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, nikasikia msichana akianza kulia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayejaribu kujizuia na hawezi, na mama yake akamwambia, "Nyamaza, Nafula, nyamaza mama," na mama mwenyewe akawa analia.

Mwanangu, kilio hicho ndicho kilichonipunguza busaa. Nilikuwa nimekuja kuchukia, na sikuwa nimeufikiria upande wa yule wa nyuma ya pazia. Nilimweka akilini kama jina na rangi ya ngozi. Sasa alikuwa na koo, na koo hilo lilikuwa limekabwa na mimi. Wazee wa Barasa walishaanza kufungua kamba za ng'ombe. Ingekuwa aibu ambayo nyumba mbili zingeibeba miaka mingi, na msichana ambaye mjomba wake alimkatalia mbele ya watu angetafutiwa kasoro mpaka apewe.

"Ngojeni," ikasema sauti kutoka jikoni. Ajuza akatoka na ungo wake. Alikuwa nyanya ya Nafula, mgongo umepinda, macho hayajapinda hata kidogo. "Mjomba akikataa, nyanya ana haki ya kumuuliza sababu faraghani. Khocha, njoo huku."

Nikamfuata hadi nyuma ya ghala la mahindi. Akaweka ungo chini.

"Wewe ni mtoto wa nani, msichana wangu?"

"Kukhu umejuaje?"

"Mwanamume akipewa mtoto humshika kama kuni zilizolowa. Wewe ulimpachika kiunoni, ukatikisa mguu, ukapangusa pua yake kwa kidole. Yote hayo ukiwa unaongea na mtu mwingine. Haya, sema."

Nikasema yote, kuanzia kengele ya baiskeli hadi firigisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutetemeka. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe la kusagia, akashika mbavu.

"Simiyu?" akasema. "Simiyu ni shemeji. Anayeoa ni kaka yake Wekesa, yule wa Mombasa. Nafula amemngoja miaka minne. Uliona wapi bwana harusi anakuja siku mbili mapema kupanga viti? Mwenye kuoa haji na ng'ombe wake, ndugu yake ndiye hutangulia. Hata mtoto wa kuchunga kuku analijua hilo."

Nikaanza kung'oa nyuzi za mfuko ulioliwa.

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Kumbe umetoka Kitale," akasema, akihesabu kwa kidole mambo yangu moja moja, "umevaa koti la marehemu, umesimama kwenye mavi ya ng'ombe nusu siku, umekula firigisi ya mtu na kumliza mjukuu wangu, yote hayo ili usiulize swali moja."

Nikamwambia nitarudi uwanjani, niseme kama mjomba kwamba nimebadilisha nia, msichana aende. Akatikisa kichwa.

"Huwezi. Ukikataa wewe ni upepo, na ukikubali wewe ni upepo. Nafula hataolewa kwa neno la mjomba asiyekuwepo. Mficha uchi hazai. Nenda ukavue kofia."

Nilimsihi. Kule uwanjani kulikuwa na Simiyu, na baba yake, na kila mtu ambaye siku moja ningetaka aniite mkwe. Nyanya hakunisukuma. Aliokota ungo wake tu, akaniambia, "Yule wa ndani bado analia," akarudi jikoni.

Nikaenda. Nikasimama mahali pale pale niliposimama kwanza, nikavua kofia, nikavua koti.

"Mimi si Juma," nikasema kwa sauti yangu. "Mimi ni Nekesa, fundi wa nguo kutoka Kitale. Si wa Babuya na si mjomba wa mtu. Nilisikia kijana wa Barasa anaoa, nikadhani ni Simiyu, na mimi nampenda Simiyu. Niliyoyasema nimeyasema kwa wivu. Naomba mnisamehe, na zaidi naomba yule wa ndani anisamehe."

Kile kiti alichokuwa amekishika Simiyu kikaanguka. Mzee Barasa akaniangalia tangu buti hadi kichwa.

"Huyu si yule wa suruali?" akawauliza wazee wake. "Si ndiye alinipima kiuno?"

Ndipo uwanja ukapasuka. Walicheka wa kulia na wa kushoto, walicheka mpaka ng'ombe wakatazamana. Pazia likafunguliwa, Nafula akatoka, macho mekundu. Alikuja hadi mbele yangu, nami nikawa tayari kwa kofi.

"Wewe ndiye ulisema siendi?"

"Ni mimi. Nilidhani unaenda kwa wangu."

Akageuka akamtazama Simiyu, shati jeupe, kiti miguuni. "Huyu? Mchukue. Hata viti vyenyewe amepanga vibaya."

Lakini kicheko hakikutupatia mjomba. Jua lilikuwa linasogea, na mahari bado haikuwa na wa kuipokea. Mzee Wanyama akasema kwa huzuni kwamba ng'ombe warudi, watajaribu tena baada ya mavuno. Nyanya akamwambia atulie. Habari, akasema, zina miguu kuliko wajumbe. Na kweli, haikupita saa moja tukaona baiskeli inashuka kile kilima cha pili bila breki, juu yake mzee wa makamo amevaa koti kinyume. Aliiacha ikaanguka yenyewe.

"Ni nani," akasema akihema, "amekaa kwenye kiti changu akala firigisi yangu?"

Yule aliyeitwa mara tatu akakataa mara tatu alikuwa amekuja bila kuitwa. Kwa kuwa ameshafika, na watu wote wanamtazama, hakuweza kurudi. Mzee Wanyama akainuka akampa kile kiti chenye mto. Waliangaliana kidogo, halafu mjomba akaketi. Mpaka wa shamba haukutajwa. Aliwatazama ng'ombe, akasema yule mweupe ni mzuri sana ingawa inaonekana hakulishwa vizuri njiani, kisha akasimama akasema, "Msichana aende." Vigelegele vilivyopigwa ninavisikia hata leo.

Mimi nilitozwa faini ya kuku. Niliazimwa kuku na nyanya, nikamchinjisha, nikamnyonyoa, nikampika, nikampelekea mjomba firigisi nikiwa nimepiga magoti ndani ya suruali ya baba. Aliila yote, akaniuliza ile ya kwanza ilikuwaje. Nikasema inataka chumvi. Akasema hata hii inataka.

Kurudi, Simiyu alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma pamoja nami, lori tupu, tukasimama tumeshika mbao. Tulipita Webuye, tukapita Kimilili.

"Lile neno," nikauliza mwishowe. "Ulisema ukirudi una neno."

"Nilitaka kukwambia kwamba mdogo haoi kabla ya mkubwa," akasema. "Kaka akishapeleka ng'ombe, zamu ni yangu. Ndilo lilikuwa neno."

Ningelipata Alhamisi ile mlangoni mwa duka, mwanangu, kwa kusimamisha mguu mmoja kwenye cherehani.

Tulioana baada ya mavuno mawili. Mjomba yule wa Bumula alikuja na baiskeli yake imefungwa kwenye basi, akasema aliyekalia kiti chake amekuwa wa ukoo wake atake asitake. Mzee Barasa aliishi miaka mingi, na hadi anazikwa hakuwahi kuniita mkwe wala Nekesa. "Khocha," alikuwa akiita kutoka ng'ambo ya boma, "chai iko wapi?" Na mimi nilikuwa naitika.

Sasa sikia kwa nini nimekueleza haya yote. Wiki jana mjukuu wangu mmoja, simtaji, alinionyesha simu. Amejiandikisha kwa jina la mwanamume, akaweka picha ya mtu asiyemjua, akaingia kwenye kundi la marafiki wa mchumba wake ili asikie anasema nini. Ati mchunguzi. Nikamuuliza amesikia nini. Akasema hajasikia lolote bado, ila juzi wamemchagua kuwa katibu wa kundi, na kesho anatakiwa kusoma ajenda. Nilicheka mpaka nikashika mbavu kama yule nyanya wa Bumula. Koti ni lile lile, mwanangu. Limebadilisha kitambaa tu.

Nasaha yangu ni fupi. Ukimpenda mtu na kitu kikakukereketa moyoni, muulize, muulize mwenyewe, mchana, ukiwa umevaa uso wako. Swali huuma mara moja. Kujificha huuma kila siku na kula mifuko ya koti. Ukweli unaoufuata kwa uongo, hata ukiufikia hutaujua, kwa sababu utakuwa unamtazama mtu kupitia macho ya mwingine. Na unapopanga vita yako na mwenzako, kumbuka kuna mtu nyuma ya pazia ambaye hujamwona, naye ana koo la kulia. Kama umeshakosea, vua kofia. Utachekwa, ndiyo. Mimi nimechekwa zaidi ya miaka arobaini, na bado nakula na kulala.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie mwenzako ambaye ukimuuliza atakujibu, na wewe akupe ulimi wa kuuliza kabla ya lori kuondoka. Akupe wakwe wenye kicheko, na wajomba wa kweli siku ya haja. Na ukipelekewa firigisi, uwe mwanamke au mwanamume, kula. Itie chumvi tu.